Jina la Babu Kwenye Jalada la Nairobi

Mwishoni mwa 1989 nilitakiwa nithibitishe kwamba babu yangu alikuwa mtu wa Kenya, naye alikuwa amefariki kabla sijaota meno. Si mimi peke yangu. Novemba mwaka huo serikali ilitangaza kwamba kila Msomali wa Kenya aliyetimiza miaka 18 ajitokeze apigwe msasa. Ulete kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na pasipoti kama unayo, utaje ukoo wako na matawi yake, ujibu maswali ya maafisa na wazee walioketi nyuma ya meza, na ukipita upewe kadi ya pinki ya kuonyesha kwamba umepita. Hapa Waberi, Garissa, watu walitoka majumbani kabla ya swala ya alfajiri, bahasha za kaki kwapani. Sisi hatukuwa na bahasha. Yetu iliungua 1980.

Wasioijua Garissa huenda wasijue nazungumzia nini. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, askari waliingia mtaa wa Bulla Kartasi na bulla ikachomwa moto. Wakubwa wetu wanauita mwaka ule Garissa Gubai, yaani mwaka Garissa ilipoungua. Nilikuwa kijana wa madarasa ya mwisho ya shule ya msingi. Watu walikusanywa kwenye uwanja wa shule, wakaketishwa juani siku baada ya siku, chakula hakuna, maji hakuna. Mambo yaliyotendeka siku zile yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, na anayetaka kuyasoma atayakuta huko. Mimi nataka kusema juu ya sanduku.

Hooyo, mama yangu, alikuwa na sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani. Ndani mlikuwa na vyeti vyetu vya kliniki, stakabadhi za kodi za enzi za Mwingereza, picha moja ya arusi, na kitabu cha fiqhi ambacho mjomba wa babu alikinakili kwa mkono, kwa wino wa masizi na gundi ya mti, wino ule ule tuliouandikia kwenye ubao wa dugsi, chuo cha Kurani. Chini kabisa, ndani ya kilemba chekundu kilichopauka, kulikuwa na cheti cha babu cha kustaafu. Babu alikuwa dubas, wale polisi wa kienyeji wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini waliofunga vilemba vyekundu na kupiga doria juu ya ngamia wa serikali. Nyumba ya miti na mikeka ikishika moto haikupi nafasi ya kuchagua. Hooyo alimbeba mdogo wetu wa mwisho, akanishika mimi mkono, sanduku likabaki. Tulipohamia Waberi baadaye, hakuna aliyekuwa na karatasi ya kusema alitoka wapi.

Ndiyo sababu ya safari ya Nairobi. Adeer yangu, mdogo wake marehemu baba, alisikia kwa mwalimu mmoja kwamba ripoti za maDC (wakuu wa wilaya) wa zamani zimehifadhiwa, na kwamba huwa zinataja watu kwa majina. Tukapanda basi. Enzi hizo sheria za hali ya hatari zilizowekwa tangu 1963 zilikuwa hazijafutwa, zilifutwa 1991. Daraja la Tana halikuvukwa kimya kimya. Kila kizuizi mpaka Thika mlishuka, mkapanga mstari, mkaonyesha vitambulisho, mkapanda tena. Adeer alikuwa na kitambulisho. Bado aliulizwa kila mahali kama ni chake.

Makavazi ya Taifa yapo katika jengo la zamani la benki, Moi Avenue, mkabala na ilipokuwa hoteli ya Hilton. Yalianzishwa kwa sheria ya 1965, na sheria hiyo huruhusu hati za serikali kusomwa zikitimiza miaka 30. Kwa hiyo 1989 mtu angeweza kusoma mpaka kwenye miaka ya 1950, na babu alitumikia kabla ya hapo. Tuliacha mifuko mlangoni. Kalamu ya wino hairuhusiwi ndani, unatumia penseli. Unatafuta katika orodha, unajaza kikaratasi cha kuomba jalada, unakaa unangoja. Adeer, ambaye maisha yake yote alikuwa amengoja mvua, alikaa vizuri kuliko wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakitazama saa.

Majalada ya kwetu yana alama PC/NFD, NFD ikiwa ni ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Nilitarajia kukuta watu. Nilikuta mvua, malisho, visima, kodi, mipaka ya koo, na ngamia, ngamia, ngamia. Mwingereza alitawala nchi ile kama eneo lililofungwa. Sheria ya wilaya za pembezoni ni ya 1902, ile ya wilaya maalumu ni ya 1934, na kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Mtu aliyeandika ripoti hizo alikaa Garissa au Wajir miaka michache, akaandika kwa ajili ya bosi wake wa Nairobi na mrithi wake wa kiti. Mimi na adeer tulikuwa tukisoma barua zisizotuhusu ili tutafute mtu wetu ndani yake. Nimeisoma mikusanyo mingi ya aina hiyo tangu wakati ule na bado naona ndivyo ilivyo: ukitaka kumwona babu yako katika jalada la mkoloni, mtafute mahali alipoleta shida.

Tulimpata. Ilikuwa ripoti ya DC mmoja akimkabidhi mwenzake ofisi, nakala ya kaboni kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Jina la babu na la baba yake yalikuwapo, herufi zikiwa zimepindwa na sikio la kigeni, na mbele yake maneno machache kwamba ni dubas wa muda mrefu na kwamba alikatwa mshahara kwa kupoteza ngamia wa serikali. Adeer alicheka mpaka tukanyamazishwa. "Huyo ngamia," alininong'oneza, "hakupotea. Uliza nani alimla."

Ukurasa wenyewe ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo, na pini iliyoota kutu ilikuwa imekula pembe yake. Mfanyakazi wa chumba cha kusomea hakukubali tuupeleke kupigwa nakala vile vile. Aliupeleka kwanza kwa mama mmoja aliyevaa koti jeupe, akaniruhusu nimfuate nitazame. Mama yule aliitoa pini kwa kijisu butu, akaufagia ukurasa kwa brashi laini kutoka katikati kwenda pembeni, akachana kipande cha karatasi ya Kijapani. Hakukikata kwa mkasi, alikichana, ili nyuzi zake zibaki pembezoni zikamate. Akakibandika juu ya mpasuko kwa gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa ikachujwa. Nilimuuliza kwa nini asitumie selotepu. Alinijibu bila kuinua macho kwamba anachoweka yeye leo, mwingine lazima aweze kukitoa kesho kwa maji tu. Sijawahi kusikia kanuni ya kazi yoyote iliyosemwa kwa ufupi kama ile.

Tulirudi Garissa na fotokopi. Afisa aliishika, akaisoma mstari mmoja, akaiweka kando ya meza. Halafu mzee mmoja wa lile jopo akamuuliza adeer jina la mama yake, akamuuliza kisima walichonywesha wakati wa kiangazi, akasema, "Huyu namjua." Kadi ya pinki ikaandikwa.

Kwa hiyo waraka wetu haukusaidia kitu siku ile, na kuna jamaa zangu ambao mpaka leo hutumia kisa hiki kunidhihaki: mlikwenda Nairobi kutafuta karatasi, mkaokolewa na mdomo. Mimi nawajibu kwamba mdomo ule ulizikwa kabla ya mvua za El Niño za 1997, na wengine wote wa jopo wamemfuata. Vijana waliozaliwa miaka ile walipokwenda kutafuta vitambulisho walikuta mzee wa kuwajua hayupo, na msasa bado upo. Uliendelea kwa njia moja au nyingine mpaka Februari 2025, rais alipotia sahihi tangazo la kuufuta akiwa Wajir. Fotokopi ya babu ninayo.

Nilikuja kufanya kazi na vitabu hapa hapa Garissa, katika miaka ambayo huduma ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia, Oktoba 1996. Wageni kutoka ng'ambo walikuja kupiga picha wale ngamia, na haki yao, ni jambo la kupendeza. Lakini mwaka uliofuata ndio ulionifunza kazi. Mvua zilianza Oktoba 1997 zikaendelea hadi 1998. Tana ilifurika, barabara ya Nairobi ikakatika, na Desemba homa ya Bonde la Ufa ikaanza kuua mifugo na watu. Katikati ya balaa hilo nani angejali karatasi? Nilijali mimi na watu wachache wenye masanduku.

Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, maji yaliingia masjala yake usawa wa magoti. Yalipopungua, majalada yalitolewa yakatupwa uani juani. Karatasi iliyolowa ikipigwa na jua kali hujikunja, wino hukimbia, na kurasa zenye gundi au picha hushikana moja kwa moja. Baada ya siku chache zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizopangwa moto moja juu ya nyingine bila mafuta. Zikaonekana takataka, zikachomwa. Sheria ile ile ya Makavazi inakataza ofisi ya umma kuharibu hati zake bila idhini ya mkurugenzi wa Makavazi, lakini sheria haina mikono ya kuzima kiberiti. Nilisimama nje ya ua nikitazama moshi, na sitasema nilifikiri nini.

Watu wa kawaida walifanya vizuri zaidi. Walileta kwangu vitabu vya dini vya baba zao, Minhaji na Jalalaini za chapa za zamani, na vingine vilivyoandikwa kwa mkono. Tulifanya tulichoweza: kuvisimamisha kivulini penye upepo, kuweka karatasi za gazeti lisilo na rangi kati ya kurasa na kuzibadilisha kila zilipolowa, kutofungua kwa nguvu kurasa zilizogandana. Ukungu ukishaota, usiusugue. Ukauke kwanza, ndipo uufagie kwa brashi nje ya nyumba, pua imefungwa. Wino wa masizi ulinishangaza. Kurasa za dugsi zilizoandikwa kwa mikono zilistahimili vizuri kuliko barua za ofisini zilizopigwa chapa juzi, maana masizi ni kaboni tupu na hayapauki, ila yakilowa gundi yake hulegea, kwa hiyo usiguse mpaka ikauke. Hali ya hewa yetu, ukiondoa mwaka kama ule, ni rafiki wa karatasi. Lamu na Mombasa wanapigana na unyevu mwaka mzima. Sisi adui zetu ni vumbi, joto linalofanya karatasi iwe kavu na kuvunjika, na mchwa. Kabati likiwa limegusa ukuta wa udongo, hesabu umempikia mchwa chakula. Weka miguu ya kabati juu ya mawe, liache mbali na ukuta, na ulifungue kila mwezi.

Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja Garissa kusikiliza watu, ikaendelea Wajir na Mandera. Familia kadhaa ziliniomba niwapangie karatasi zao kabla ya kwenda. Kina mama walikuja na mifuko ya nailoni. Humo ndani mlikuwa na picha za waume, barua za shule za watoto wasioonekana tena, vikaratasi vya mgao, kadi za pinki za 1989. Ayeyo mmoja, bibi kizee, alikuwa amepeleka barua pekee ya mwanawe ikapigwa laminesheni mjini ili isiharibike. Nilipoiona, maandishi yalikuwa yamegeuka hudhurungi na pembeni hewa imeingia. Plastiki ile imeyeyushwa kwa moto juu ya karatasi, na hakuna fundi Garissa wala Nairobi ambaye angeitenganisha bila kuua barua. Nilimwambia ni nzuri, aiweke gizani. Sikuwa na la kumwambia jingine.

Tume ilipokea taarifa 42,465 za watu kutoka nchi nzima. Ripoti ilikabidhiwa rais Mei 2013. Sehemu kubwa ya ripoti na nyaraka zake unaweza kuisoma kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Seattle, kule Marekani, kwa sababu mmoja wa makamishna alikuwa mwalimu wa sheria huko. Mpwa wangu aliyeko Minneapolis alisoma habari za Bulla Kartasi kabla yangu, akanipigia simu usiku. Na si mara ya kwanza walio mbali kututangulia. Mikrofilamu za ripoti za wilaya zetu, zile zile za mvua na ngamia, Chuo Kikuu cha Syracuse kilikuwa nazo tangu miaka ya 1960. Msomi wa New York angeweza kumsoma babu yangu bila kuvuka kizuizi hata kimoja.

Wala tusisahau karatasi tulizonyimwa kabisa. Kabla ya uhuru, maafisa wa Mwingereza walichambua majalada ya Kenya. Yaliyoonekana yangewaaibisha yalichomwa au yalipelekwa London kwa ndege. Maagizo yao, ambayo leo yanasomeka, yalitaka karatasi ziungue mpaka majivu na majivu yenyewe yapondwe. Kenya ilianza kuyadai majalada hayo miaka michache tu baada ya uhuru, ikaambiwa hivi na vile. Mwaka 2011 tu, kwa sababu wazee wa Mau Mau walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza, ndipo ilipokubaliwa kwamba majalada kama 1,500 ya Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kule Uingereza, muda wote huo. Sasa yako Kew, London. Ukiyataka, nauli ni juu yako.

Ndiyo maana habari ya Lamu ilinifurahisha. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, una miswada ya Kiarabu iliyotumiwa na kuandikwa na wanazuoni wake tangu karne ya 19. Kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, miswada hiyo ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, nakala zikawekwa mtandaoni, na miswada yenyewe ikabaki msikitini. Hilo neno la mwisho ndilo la maana kwangu. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliishambulia Maktaba ya Uingereza, na huduma zake za mtandao zikazimika kwa miezi. Huko Lamu kitabu kilikuwa kwenye rafu yake. Nakala ni bima, si badala. Yeyote atakayekuja kwetu na kamera na ahadi nzuri, na apokewe vizuri, apewe chai, ila kitabu kisipande gari lake.

Kutoka Ijara, katika kaunti yetu, mpaka Lamu si mbali. Kilichofanyika kule hakihitaji elimu ya ajabu: chumba kimoja kisichovuja, rafu za chuma, maboksi yasiyo na asidi, kamera na stendi yake, watu wawili waliofundishwa, na kamati ya wazee inayoaminiwa na koo zote, maana hapa hakuna atakayeleta sanduku la babu yake kwenye nyumba ya ukoo mwingine. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka maktaba na makumbusho mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo tusimtazame mtu wa Nairobi. Kaunti yetu ijenge chumba hicho, hapa Garissa, na kianze kwa kupokea nakala za PC/NFD kutoka Moi Avenue ili kijana wa Waberi azisome bila kulala lodging'i.

Nawe uliye na bahasha nyumbani, usingoje chumba. Toa pini na klipu zote za chuma. Andika nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, nani na mwaka gani, wakati aliyepigwa picha yupo wa kukwambia. Selotepu hapana, laminesheni hapana. Piga picha kila ukurasa kwa simu, umtumie ndugu anayeishi mji mwingine, kisha weka asili yake mahali pakavu, juu ya sakafu, mbali na ukuta. Na mwambie mtoto mmoja, kwa jina, mahali ulipoiweka.